Mahameli Hukatwa Mgongoni

Mimi ni fundi cherehani. Nilisoma hadi darasa la nne, na hilo la nne nusu yake nililala na malaria, kwa hiyo anayesoma haya asitafute humu maneno ya watu waliosoma. Nilikuwa na daftari la vipimo kama mafundi wote. Ukurasa wa kulia niliandika kifua, kiuno, urefu wa mkono. Wa kushoto ulibaki mtupu, na kwa kuwa karatasi ilikuwa adimu nikaanza kuandika pale mambo ya siku: nani amefariki, mvua imenyesha au imetuacha, nimegombana na nani na kosa lilikuwa la nani. Hilo la mwisho ndilo lilinisumbua. Nikigombana na mtu mchana, jioni niliandika hoja zake kwanza, kisha zangu, na mara nyingi zake zilikuwa nzuri kuliko zangu. Mke wangu alikuwa akinicheka. "Wewe hata mwizi ukimkuta ndani utamuuliza kwanza na yeye ana shida gani."

Daftari la mwaka ule ninalo hapa. Panya wamekula pembe yake moja. Ukurasa ninaoutafuta hawakuugusa, na kwa kweli ningependa wangeanza na huo.

Ilikuwa miaka ya foleni. Vita vya Uganda vimekwisha, maduka mengi ya watu binafsi yalishafungwa zamani, na duka la ushirika lilikuwa na rafu, karani na kalenda. Nguo ikiingia, habari ilienea Tabora nzima kabla lori halijazima injini. Nilikuwa naamka alfajiri kupanga mstari kama kila mtu, fundi mzima, nipate yadi tatu za kitambaa nisichokichagua. Watu wa vijijini waliniletea mashati yenye kiraka juu ya kiraka. Nilikuwa naweka cha nne na sioni tena shati lenyewe lilikuwa la rangi gani. Siyasemi haya kuilaumu serikali. Vita vilikula fedha, barabara zilikuwa mbovu, na sisi wenyewe tulificha tulichopata. Nayasema ili ieleweke kwamba siku zile mtu mwenye kitambaa alikuwa kama mtu mwenye ng'ombe.

Mwaka huo akafariki mzee mmoja wa ukoo wa Kiarabu, muuza vitambaa wa zamani. Nyumba yao ilikuwa kwenye barabara ile kuukuu ambayo wapagazi walipita wakienda Ujiji. Babu yake alikuja na misafara hiyo kutoka pwani akashindwa kurudi, au hakutaka, sijui. Mzee mwenyewe alizaliwa hapo, akasema Kinyamwezi kuliko mimi Mnyamwezi niliyekulia Ipuli. Duka lake lilipofungwa alikaa barazani miaka yote iliyobaki, mikono mapajani, kama anayengoja mteja. Hata bafta ya sanda yake ilitoka chini ya kitanda cha rafiki yake, mzee wa Kihindi, Mwislamu, aliyekuwa na duka la vitambaa jirani naye. Yule alikuwa ameiweka kwa ajili ya siku yake mwenyewe. Akaitoa.

Sasa, kwa desturi yetu, mtu akifa mirathi haigawiwi mpaka kila kitu kitiwe bei na watu wawili wanaoaminiwa na warithi wote. Vitanda, masufuria, saa ya ukutani, mabati. Wathamini wakishasema, sheikh ndiye anagawa mafungu. Warithi walimchagua huyo mzee wa Kihindi, na wa pili wakanichagua mimi. Nilipoambiwa niliona fahari. Naandika hivyo kwa sababu nimejichunguza sana: fahari ilikuwepo tangu mwanzo, kabla ya jambo lolote kutokea.

Warithi walikuwa hawa. Mtoto mkubwa, mwanamume wa makamo mwenye watoto saba, mtu mpole. Ndiye aliyemlisha baba yake alipofunga duka. Mjane, mwanamke kijana, amekaa eda nyuma ya pazia, na watoto wake watatu wadogo, wavulana wawili na msichana wa miaka miwili. Na katikati ya hao binti mmoja, hata ishirini sidhani alikuwa amefika, aliyeachika na kurudi kwa baba yake. Mama wa binti huyu alikuwa mwanamke wa Usinge, wa watu wa asali, ambaye mzee alimuoa siku za uhuru na akafa binti akiwa hajaota meno yote. Binti nilimjua vizuri. Alijifunza kushona kwangu. Matundu ya vifungo nilimfundisha mimi. Ilikuwa imeshakubaliwa kwamba fungu lake litakuwa cherehani ya miguu ya marehemu, maana bila hiyo asingekuwa na la kula.

Tulianza asubuhi. Mchana kutwa tukapiga bei vitu. Mzee wa Kihindi alikuwa na ucheshi wake wa kunong'ona.

"Fundi, saa hii inasema saa ngapi?"

"Imesimama saa tatu na robo, mzee."

"Basi iandikiwe bei ya ukuta. Inaziba ufa."

Picha ya mama wa binti ililetwa mwisho. Ilikuwa ikikaa chumba cha ndani, na wakati wa sala marehemu aliifunika kanga. Kaka mtu, yule mtoto mkubwa, aliibeba mwenyewe akaiegemeza kwenye nguzo ya baraza, akaiondolea kanga.

Nilikuwa naisikia tu, sijawahi kuiona. Siku zile za vita vya Kongo, baada ya uhuru wetu, watu walikuwa wakivuka ziwa na kupanda treni ya Kigoma, na mmoja wao alishuka Tabora na brashi zake ndani ya soksi. Hakuwa na turubai ya kuchorea. Mzee alikuwa na jora la mahameli nyeusi dukani, akamkatia yadi moja na nusu kama anamkatia mteja, akamlisha wiki mbili, na yule Mkongo akamchora mke wa nyumba. Mwaka uliofuata mke akafa. Picha nyingine hakuwahi kupigwa, maana kwao Usinge nani angempiga. Binti hakuikumbuka sura ya mama yake ila kwa mahameli hiyo.

Ningependa kuieleza ilivyokuwa. Ilikuwa nyeusi karibu yote. Kutoka ndani ya weusi huo alitokeza mwanamke kama mtu anayesogea mlangoni na taa iko upande wake mmoja. Niliona shavu, pua, mdomo uliofumbwa, hereni. Niliona mtu mzima, ana kichwa, ana nywele, ana mtandio mabegani. Naapa niliona mtandio. Hayo ndiyo ninayoyakumbuka, na hata haya siyaamini sana, kwa sababu siku ile sikuwa naangalia mtu. Nilinyoosha kiganja nikapapasa kitambaa. Mahameli ukiipapasa kuelekea chini inang'aa, ukirudisha mkono juu inazama giza. Hii ilizama kabisa. Nikajua ni hariri, si pamba, ya zamani, ya kabla ya vita vile vingine vya Wazungu. Nondo hawakuigusa. Nilitoa futi nikapima, nikaandika.

Sheikh aliitazama kidogo akageuza macho. Alikuwa mtu laini, na nadhani alikuwa ameshalipanga jibu lake njiani.

"Hii ni sura ya kiumbe," alisema. "Kwangu mimi sura haina bei, na kisicho na bei hakigawiwi. Binti achukue picha ya mama yake, sisi tumalizie masufuria."

"Naam," kaka mtu akasema. "Achukue."

Binti alikuwa ameshainuka. Nakumbuka alikuwa anakunja ile kanga ili aifunike tena.

Mzee wa Kihindi aliniwekea mguu wake juu ya mguu wangu. Nilidhani amenikanyaga kwa bahati mbaya, nikausogeza wangu.

Nikasema, "Lakini kitambaa kina bei."

Hakuna aliyeniuliza. Nimelirudia neno hilo miaka mingi nikijaribu kulipata lilitoka wapi. Nikiwa na nia njema na nafsi yangu nasema: uliaminiwa useme kila chenye thamani, ukasema. Nikiwa mkweli zaidi naona mtu wa darasa la nne aliyekaa mchana kutwa na sheikh na tajiri wa zamani, wanazungumzia saa na milango ambayo yeye haijui, na mwishoni linakuja jambo moja analolijua kuliko wote.

"Kina bei gani?" sheikh akauliza.

"Hii ni mahameli ya hariri. Mjini hapa hakuna nyingine. Bwana harusi akitaka joho, msikiti ukitaka kifuniko cha jeneza, ni hii. Kwa wakati huu," nikasema, "haipungui cherehani."

Sheikh akamgeukia mwenzangu. "Na wewe mzee?"

Mzee wa Kihindi alivuta ndevu zake. "Fundi amesema kweli," akajibu. Angejibu nini? Nilikuwa nimemfungia mlango wa uongo.

Kaka mtu hakuchelewa. "Mimi sehemu yangu katika kitambaa nimemsamehe dada yangu. Mbele yenu."

"Na mimi," sauti ya mjane ikatoka nyuma ya pazia. "Mpeni tu."

"Na watoto?" sheikh akasema.

Sheikh alivua kofia akaikunja, akaivaa tena. "Mtoto hawezi kusamehe. Na hapa hakuna wa kusamehe badala yake, si mama yake, si mimi. Tungekuwa hatujui kwamba ni mali, ingekuwa basi. Sasa tumejua. Mali ya yatima ni moto, ndugu zangu. Nani ataushika?"

Alihesabu kwa vidole. Hata baada ya kaka na mjane kusamehe, fungu la wale watatu lilizidi nusu ya thamani. Binti angelipaje? Fungu lake lote lilikuwa ile cherehani, na nusu ya cherehani haishoni.

Binti alikuwa bado amesimama na kanga mkononi. Hakulia. Alisema, "Basi mimi nachukua picha. Cherehani ibaki kwa watoto."

Hapo pangekuwa mwisho. Alikuwa ameshachagua, na alichagua kwa akili yake timamu. Lakini mimi nilimtazama nikaona mwanamke aliyeachika anayekwenda kuanza maisha na picha, na mwenye kumsababishia hayo ni mimi. Nikaingiwa na huruma. Huruma yangu ndiyo iliyomaliza kazi.

"Hapana haja ya kuchagua," nikasema. "Sheikh amesema sura haina bei. Basi nikate sura, apewe bure. Kitambaa kilichobaki kiende kwa yatima. Hata kikiwa na tundu kitatoa kofia na nguo za watoto, thamani haitaanguka sana. Naye abaki na cherehani yake."

Watu walishusha pumzi. Kaka mtu alinipiga begani. Hata sheikh alicheka. "Fundi, wewe ungesomeshwa kidogo tungekukosa. Ungekuwa kadhi."

Nilicheka na mimi.

Binti peke yake hakucheka. Alinijia karibu, akasema kwa sauti ya kazini, ile aliyokuwa akitumia kuniuliza juu ya pindo. "Fundi, ukikata, atabaki?"

"Atabaki," nikasema.

Nilikwenda kuchukua mkasi wangu mkubwa. Tuling'oa misumari kwenye fremu, tukatandika mkeka na shuka juu ya meza. Nikageuza kitambaa kifudifudi.

"Mbona unageuza?" akauliza.

"Nilikufundisha nini mimi? Mahameli hukatwa mgongoni. Ukiikata kwa juu inateleza, unyoya unakwenda kombo."

"Sikupata kuikata," alisema. "Ulinieleza tu."

Ndivyo mahameli inavyokatwa. Fundi yeyote atakuambia. Kwa mgongo, ile rangi ya Mkongo ilikuwa imepenya ikaacha alama ya kahawia, mipaka yake inaonekana wazi. Nikachukua chaki nikaizunguka alama hiyo nikiacha upana wa kidole kimoja, si zaidi, maana kila inchi ya weusi ilikuwa ya yatima na sikutaka kuwapunja. Binti alinishikia pindo lisivute. Mkasi ulikuwa mkali. Mahameli nzuri ikikatwa haitoi sauti.

Nilipokigeuza kipande sikuelewa nilichoshika.

Lilikuwa shavu, jicho moja, mgongo wa pua, nusu ya mdomo na hereni. Umbo lake lilikuwa kama ganda la tikiti lililotupwa. Nikatafuta shavu la pili kwa kidole gumba. Nilidhani limekunjwa. Nikageuza kitambaa kikubwa nikatafuta huko, na huko kulikuwa na weusi mtupu na tundu. Ilinichukua muda kufahamu kwamba upande wa pili wa uso ule haukuchorwa kabisa. Wala nywele. Wala mtandio. Mkongo alipaka mwanga tu pale ulipoangukia, vingine vyote akaiachia mahameli ivifanye. Tuliokuwa tukimwona ni mwanamke wa kitambaa, na kitambaa nilikuwa nimekikata nje yake.

Hapana aliyenilaumu. Natamani ningeandika kwamba walinitukana. Kaka mtu alisema, "Mungu ndiye mjuzi," akaenda kumimina kahawa.

Binti alikichukua kipande mkononi mwangu. Alikitandaza katika lile tundu, taratibu, akikisogeza kwa ncha za vidole mpaka kingo zikakutana kama fundi anayelinganisha maua ya kitenge. Na alirudi. Naapa alirudi. Mstari ulionekana, mwembamba kama unywele, lakini alikuwepo mzima, ana pande zote mbili, na katika upande wa giza nikaona kitu ambacho mara ya kwanza sikukiona: nukta moja nyeupe, ndogo kama chembe ya chumvi. Ndilo jicho la pili. Lilikuwa dogo mno, halikupenya mgongoni, kwa hiyo chaki yangu haikulijua.

Tulisimama tukamtazama. Sijui muda gani. Kisha muadhini akaita alasiri, na kitambaa kilikuwa cha watoto, ikabidi mtu akikunje.

Binti akaokota kipande chake. "Ahsante, fundi," akasema. Hakusema kwa kejeli. Nilimlea vizuri mno katika kazi. Hata fundi akiharibu, mteja mwenye adabu hushukuru kwanza.

Nilirudi na mzee wa Kihindi kwa njia moja. Tulipofika karibu na duka lake lililofungwa akasimama.

"Fundi, mimi nimeuza mahameli miaka arobaini. Ile niliiona toka inatolewa ndani."

"Uliiona kuwa na bei?"

"Naona bei hata usingizini, bwana. Ni ugonjwa."

"Mbona hukusema?"

Akanitazama kama anayemtazama mtoto anayeuliza jua linakwenda wapi. "Nilikukanyaga mguu," alisema.

Sikulala vizuri siku nyingi. Nilijaribu kuandika hoja za kila mtu, kama nilivyozoea. Sheikh alitafuta njia ya huruma iliyo halali, akaipata. Kaka alisamehe. Mjane alisamehe. Yatima hawakutaka lolote, walikuwa wanacheza uani na kifuniko cha chungu. Mzee wa Kihindi alinyamaza, na kunyamaza kwake, kwa sheria ya wathamini, kulikuwa kosa. Nimelipima sana kosa hilo. Lingekuwa dhambi ndogo iliyobebwa na mtu mmoja, na yule binti angekuwa na mama. Upande wangu nilikuta haki tupu, kila mahali, kuanzia neno la kwanza hadi mkasi. Sikupata pa kuegemea.

Eda ilipokwisha na sikukuu ikakaribia, mjane akaja kwangu na ile mahameli. Alitaka gauni la yule msichana mdogo, na kilichobaki kofia za wavulana. Sikuweza kukataa; kitambaa kilikuwa chao, na mafundi wengine wangempunja. Tundu nililitumia kwa shingo, kwa kuwa ndipo lilipokuwa. Wakati wa kujaribisha mjane akaona nukta karibu na bega.

"Hili doa liondoe."

Nikamwambia si doa. Nikamweleza.

Akarudi nyuma hatua moja. "Basi liondoe zaidi, fundi. Mwanangu hatatembea na jicho la maiti begani."

Nayo ilikuwa haki yake. Mama anaogopa kwa ajili ya mtoto wake, kitambaa ni cha mtoto, mteja ni yeye. Nilichovya pamba kwenye mafuta ya taa nikasugua polepole, nikageuza pamba, nikasugua. Ningeweza kukata kipande kidogo kama ukucha, nikamtunzia binti, nikaweka kiraka ambacho hakuna angekiona, maana viraka ndiyo kazi niliyoijua kuliko zote miaka ile. Sikulifikiria. Nimelifikiria baadaye, karibu kila nikishika pamba.

Binti alihamia chumba kimoja Chemchem na cherehani yake. Lazima niandike kwamba cherehani ilimlisha. Alikuwa fundi mzuri, wa matundu ya vifungo kunizidi mimi, na wateja wengine nilimpelekea mwenyewe. Tulisalimiana sokoni. Habari za kazi, nzuri, habari za nyumbani, nzuri. Miaka ikapita namna hiyo, mitano au sita.

Siku moja ya mvua akaja barazani kwangu.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Karibu ukae, umelowa."

Alikaa kwenye benchi lile alilojifunzia. Alitoa mfukoni kile kipande chake kilichokunjwa, hakukifungua.

"Lile gauni la mdogo wangu lilishamruka, hawezi tena kulivaa," alisema. "Nimekwenda kwa mama yake kuliomba, na amenipa, hakuna ubaya. Nimelitafuta lote. Bega hili, bega hili, ndani, nje. Kulikuwa na nukta."

"Ilikuwepo."

"Niliiona siku ile. Nilisema watakapolichoka nitalipata. Sikutaka kuwaharakisha, ni haki yao." Alinitazama. "Imefutika kwa kufuliwa?"

Ilikuwa njia nyepesi, ameifungua mwenyewe. Mvua ilikuwa kubwa, ningeweza hata kujifanya sikusikia.

"Niliitoa mimi," nikasema. "Kwa mafuta ya taa."

Akatikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyeambiwa duka limefungwa.

Baadaye akasema, "Wewe unaandika. Watu wote wanajua unaandika. Siku ile ulikuwa na daftari, nilikuona unaandika kabla sheikh hajasema. Nisomee ulivyomwona. Kipande changu nakijua. Nisomee upande ule mwingine."

Niliingia ndani nikalitafuta. Nilitumaini, kweli nilitumaini, kama mtu anayepekua mfuko wa koti la zamani. Nikarudi nikalifungua mapajani, na kwa kuwa alitaka nisome, nikasoma:

"Mahameli nyeusi, hariri, ya zamani. Urefu inchi hamsini na nne, upana thelathini na sita. Nondo hakuna. Pindo moja limechanika kidogo, linafaa. Katikati ina rangi."

"Endelea," akasema.

Nikaangalia chini ya maneno hayo, palikuwa patupu. Nikamgeuzia daftari aone mwenyewe, kwa sababu sikutaka adhani nimemficha. Ukurasa wa pili ulikuwa na kiuno na urefu wa suruali ya mtu wa reli.